Kuku Ndio Walimaliza Pikapu Ndogo

Kila msee mwenye pikapu ana ushauri wake wa kuokoa mafuta. Jaza upepo kwa tairi. Usikanyage mafuta kama unafukuzwa. Toa mzigo usio na kazi. Poa, sibishani na mafundi. Lakini sehemu kubwa ya hesabu ya mafuta huwa imeshafungwa kiwandani, na wakati mwingine inafungwa na wanasiasa. Marekani ndio mfano mzuri, na stori yake inaanza na kuku. Ndio, kuku.

Mwanzoni mwa miaka ya 60, kuku wa Marekani walikuwa wanauzwa rahisi sana Ulaya. Wafugaji wa huko wakalia, ushuru wa kuku ukapandishwa. Rais Lyndon Johnson akalipiza: kuanzia 1964, malori madogo kutoka nje yakatozwa asilimia 25. Volkswagen ndio ililengwa, lakini ushuru haukuchagua. Mjapani naye akanaswa.

Halafu ikafika Oktoba 1973. Waarabu wakakatia Marekani mafuta kwa sababu iliisaidia Israeli vitani. Pipa la kama dola 3 likakaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Foleni kwa petroli, watu wanagombana. Januari hiyo Nixon akasaini sheria ya mwendo usiozidi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Madereva walinuna, lakini fizikia ilikuwa upande wa serikali. Nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka 80 ukafika 110, upepo unakurudisha nyuma karibu mara mbili. (Kampasi niliacha, hii moja ikabaki kichwani.) Na pikapu ina umbo la sanduku, kwa hivyo inaumia zaidi.

Hapo ndipo Datsun 620 ikaonekana ya maana: silinda nne, injini isiyofika hata lita 2, wakati pikapu za Kimarekani zilikuwa na V8 za lita 5 na kupanda. Detroit yenyewe tangu 1972 ilikuwa inauza Isuzu kwa jina la Chevrolet LUV, na Mazda kwa jina la Ford Courier. Na ule ushuru? Walikuwa wanaleta gari bila bodi ya nyuma, wanalipa asilimia 4, kisha bodi inafungwa ikishafika Marekani. Ujanja huo ulizibwa 1980. Subaru nao waliweka viti viwili vya plastiki nyuma ya BRAT, pale pa mzigo, ili ihesabiwe gari la abiria. Hiyo mimi naiheshimu kabisa.

Sheria ya 1975 ililazimisha kampuni kupunguza wastani wa mafuta ya magari yao, ila malori madogo yakawekewa kiwango laini. Mwaka 2006 hesabu ya malori ikabadilishwa: kiwango kikaanza kufuata eneo lililo kati ya magurudumu manne. Pikapu ikiwa kubwa, mtihani wake unakuwa mwepesi. Kwa maoni yangu huu ulikuwa upuzi. Sheria ya kuokoa mafuta ikawa inazawadia unene. Ford Ranger ndogo ilikatwa Marekani 2011, na iliporudi 2019 ilikuwa imenenepa.

Binamu yangu hubeba sukuma kutoka Limuru hadi Marikiti kwa dabokabini. Mzigo wa kilo mia tatu, gari la karibu tani mbili, na viti vya nyuma havina mtu. Kila asubuhi analipa mafuta ya kusukuma chuma kuliko mboga. Lakini mwambie achukue kitu kidogo, atakuambia wateja watamchukulia poa. Hiyo fikra ya pikapu kubwa ndiyo ya mwanaume, kuna watu waliilipia matangazo.

Mwaka 2021 Ford ikaleta Maverick, pikapu ndogo ambayo injini yake ya kawaida ilikuwa haibridi, kwa bei ya karibu dola 20,000. Januari 2022 ikabidi waache kupokea oda za modeli ya mwaka huo, watu walikuwa wengi mno. Inaundwa Mexico, ambako mkataba wa biashara ulikuwa umeiepusha na ushuru wa kuku.