Kuhamia nyumba isiyokamilika

Kuhamia nyumba isiyokamilika ni desturi ya familia kuingia katika nyumba yake kabla ujenzi haujaisha, kisha kuimalizia kidogo kidogo ikiishi ndani. Ni jambo la kawaida nchini Tanzania, hasa pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Nyumba yenye kuta bila paa huitwa boma. Ikiachwa muda mrefu huitwa pagale.

Sababu

Mikopo ya muda mrefu ya nyumba huwafikia watu wachache, kwa kuwa hudai hati ya ardhi na kipato cha kudumu. Kwa hiyo wengi hununua kiwanja, hufyatua matofali na kujenga kadiri pesa zinavyopatikana. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Anayehamia kwake huigeuza pesa hiyo kuwa saruji na mbao. Tena akiwapo huwasimamia mafundi na kulinda vifaa visiibwe.

Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja vyenye huduma za msingi katika maeneo kama Sinza na Kijitonyama, na wananchi wakajijengea nyumba wenyewe.

Mpangilio wa kazi

Raha ya kuishi humo hutegemea zaidi kazi gani imetangulia kuliko ukubwa wa nyumba. Kabla ya kuhamia huhitajika:
* paa lililokamilika
* chumba kimoja au viwili vyenye sakafu, mlango wa kufungwa, na madirisha yenye nondo na nyavu za mbu
* choo chenye shimo lililofunikwa
* mahali pa kupata na kuhifadhia maji
* sehemu ya kupikia yenye hewa

Dari, vigae, rangi na lipu ya nje vinaweza kusubiri. Mabomba ya umeme na maji yanayopita ndani ya kuta huwekwa kabla ya lipu, la sivyo ukuta hubomolewa tena. Baadaye kazi huendelea chumba kwa chumba, na mlango wa chumba chenye mafundi huzibwa kwa turubai ili vumbi lisisambae. Wengine hujenga kwanza banda la uani na kuishi humo. Nyumba kubwa ikiisha, banda hupangishwa.

Hatari

Vumbi la saruji hudhuru mapafu, na saruji mbichi huunguza ngozi. Misumari, nondo zilizochomoza na mashimo yaliyo wazi huumiza watoto. Zege jipya humwagiliwa maji kwa siku saba au zaidi ili likomae, lakini mapipa ya maji hayo yasipofunikwa huzalisha mbu. Waya za umeme za kuungaunga zinaweza kuua au kuwasha moto. Jiko la mkaa likiwashwa katika chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua.

Kukwama kwa ujenzi

Familia ikishahamia, haraka ya kumaliza hupungua. Ada za shule na matibabu hutangulia, na yaliyokusudiwa kuwa ya muda hudumu miaka mingi. Kwa sababu hiyo choo, umeme salama na milango havifai kuachwa vya “baadaye”.