Brooklyn ilikuwa jiji. Inaweza kuwa tena?

Wengi tunaijua Brooklyn kama kipande cha New York. Lakini hadi mwisho wa 1897 lilikuwa jiji kamili, lenye meya wake na bajeti yake. Katika kura ya maoni ya 1894, waliotaka muungano huko Brooklyn walishinda kwa kura 277 tu! Si mapenzi yaliyowasukuma. Maji yalikuwa hayatoshi na mikopo ilikaribia ukomo wa sheria. Mwaka 1896 mameya wa majiji yote mawili waliukataa muswada, bunge la jimbo huko Albany likaupitisha hivyo hivyo. Januari 1, 1898 Brooklyn ikamezwa.

Je, wilaya hizi tano zinaweza kusimama zenyewe? Kwa watu, Brooklyn haina shida: sensa ya 2020 iliwakuta milioni 2.7, karibu sawa na Chicago.

Ajabu ni kwamba aliyejaribu kutoka ni mdogo kuliko wote, Staten Island. Takataka za jiji zilimwagwa kwao, Fresh Kills. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba bodi iliyowapa kura sawa na Brooklyn inakiuka katiba. Mwaka 1993 asilimia 65 wakachagua kujitenga. Muswada ukakwama Albany: eti jiji liridhie kwanza.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha mambo. Kuunganisha, Albany haikuhitaji ridhaa ya mameya. Kutenganisha, ikaidai. Basi tusiulize tu kama wilaya ina uwezo wa kujitegemea. Tuulize nani ameshika ufunguo wa mlango.