Miaka 160 ya Lucy Hobbs: Nani hasa alimfungulia mlango?

Februari 21, 2026 ilitimia miaka 160 tangu Lucy Hobbs akabidhiwe shahada ya udaktari wa meno mjini Cincinnati, Marekani. Anatambulika kuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika chuo cha fani hiyo. Kumbukumbu hii inapotajwa, sifa humiminiwa Ohio College of Dental Surgery kwa kumpokea. Lakini ukifuata maelezo aliyoyaandika Hobbs mwenyewe mwaka 1894, utaona sifa hizo zimepelekwa kwa asiyestahili.

Chuo cha kwanza cha meno duniani kilianzishwa Baltimore mwaka 1840 na madaktari Horace Hayden na Chapin Harris. Kilianza na wanafunzi watano. Wawili walihitimu mwaka uliofuata. Ohio ikafuata mwaka 1845. Hata hivyo, kwa miaka mingi watu wengi waliendelea kujifunza kazi hii kama useremala: unakaa kwa fundi, unamtazama anavyong'oa na kuziba, kisha siku moja unatundika kibao chako.

Hobbs, mzaliwa wa jimbo la New York, alikuwa mwalimu wa shule. Alifika Cincinnati mwaka 1859 akitaka kusomea utabibu, akaambiwa chuo cha utabibu hakichukui wanawake. Profesa mmoja alikubali kumfundisha kando, kisha akamshauri ajaribu meno. Akaanza kuzungukia ofisi za madaktari. Watu walishangaa, anasema, kwamba msichana angeweza kuusahau uanamke wake kiasi cha kutaka kusomea udaktari wa meno. Jonathan Taft, mkuu wa kile chuo cha Ohio, alimruhusu kukaa ofisini kwake kwa muda. Aliyemchukua kuwa mwanagenzi wake hasa ni Samuel Wardle. Mchana Hobbs alijifunza kazi, usiku akashona nguo ili apate chakula.

Mwaka 1861 alipeleka maombi katika chuo hicho cha Ohio akiwa tayari na ujuzi mkononi. Akakataliwa, sababu ni jinsia yake. Hapakuwa na sheria ya Ohio iliyomlazimu daktari wa meno kuwa na shahada, kwa hiyo alifungua ofisi yake hapohapo Cincinnati. Baadaye alihamia Iowa, akatibu watu Bellevue, kisha McGregor.

Huko magharibi ndiko mambo yalikobadilika. Julai 1865 chama cha madaktari wa meno wa Iowa kilimpokea kuwa mwanachama. Hawa hawakuwa maprofesa, walikuwa madaktari wa miji midogo waliokuwa wameiona kazi yake. Waliposafiri kwenda mkutano wa kitaifa Chicago mwezi huohuo, walilibeba suala lake, wakasimama naye. Novemba mwaka huohuo chuo kilichomfukuza mlangoni kikamkubali. Kwa kuwa alikuwa na uzoefu wa miaka, aliingizwa darasa la mwisho moja kwa moja, akamaliza kwa muhula mmoja wa miezi michache.

Je, hapo chuo kilifungua mlango, au kilisukumwa? Kwa maoni yangu kilisukumwa. Hobbs mwenyewe shukrani zake kubwa alizielekeza kwa Wardle. Baada ya kuolewa na James Taylor mwaka 1867 alimfundisha mumewe kazi hiyo, wakaifanya pamoja Lawrence, Kansas. Alifariki dunia Oktoba 3, 1910. Chuo chenyewe kilifungwa miaka ya 1920.

Hakuwa peke yake kufungiwa mlango usoni. Robert Tanner Freeman, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, alikataliwa na vyuo viwili kabla ya Harvard kumpokea. Alihitimu mwaka 1869.

Leo zaidi ya nusu ya wanafunzi wa meno Marekani ni wanawake.

Wanaoandaa kumbukumbu zijazo wamtaje Wardle na madaktari wa Iowa kwanza. Chuo cha Ohio kikae mstari wa mwisho.