Kilima Kimoja, Lugha Mbili: Masomo ya Fasihi ya Kiingereza Makerere, 1949–1970

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Mwaka 1949 ilipandishwa hadhi na kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London. Kutokana na uhusiano huo, mitaala na mitihani ilipaswa kuidhinishwa na London, na shahada zilitolewa kwa jina la chuo hicho. Mwanafunzi wa Idara ya Kiingereza, awe ametoka Gulu, Limuru au Tanga, alipimwa kwa ujuzi wake wa Shakespeare na warithi wake.

Hata hivyo, idara hiyo ilizaa waandishi. Chanzo kikuu hakikuwa mtaala bali shughuli zilizouzunguka. Mwaka 1958 lilianzishwa jarida la *Penpoint*, ambamo wanafunzi walichapisha hadithi na mashairi yao. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyejiunga na chuo mwaka 1959, alichapisha humo hadithi zake za awali. Tamthilia yake *The Black Hermit* ilioneshwa katika Jumba la Taifa la Maonesho, Kampala, Novemba 1962. Mwaka 1965 mhadhiri David Cook alikusanya maandishi ya wanafunzi katika *Origin East Africa*. Wanafunzi walikuwa huru kuchagua walichotaka kusema, lakini lugha ya kukisemea ilikuwa imekwisha kuamuliwa na shahada.

Jambo hilo linabainika zaidi likitazamwa sambamba na historia ya Kiswahili. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamia Makerere mwaka 1952, ikabaki huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kazi yake ilikuwa utafiti na usanifishaji, si kufundisha shahada. Hivyo, kilima kimoja kilikuwa na taasisi mbili za lugha: moja ikitoa wahitimu na waandishi, nyingine ikishughulikia msamiati na sarufi.

Juni 1962 Makerere iliandaa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza, ukihudhuriwa na Chinua Achebe, Wole Soyinka na Ngũgĩ mwenyewe. Kigezo cha lugha kilimwacha nje Shaaban Robert, aliyepata kuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili, na ambaye alifariki mwezi huohuo. Mwaka 1963 Obi Wali alilihoji suala hilo katika jarida la *Transition*, lililochapishwa Kampala, akidai kwamba fasihi ya Kiafrika katika lugha za Ulaya haina mustakabali. Mwaka 1968 Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe, na fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo. Makerere ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970.

Historia hii inawahusu watunga sera wa leo. Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia utekelezaji wake. Mfano wa Makerere unaonesha kwamba kuwapo kwa taasisi ya lugha pekee hakutoshi. Lugha hupata waandishi pale inapokuwa na shahada, jarida na jukwaa kwa pamoja. Kiingereza kilipewa vyote vitatu. Kiswahili, kwenye kilima hichohicho, kilipewa kamati.