Makala zilizobaki yatima

Wadau, leo tuzungumzie tafsiri. Siyo ya vitabu, bali ya tovuti, kazi ambayo wengi hudhani ni kumtafuta kijana anayejua Kiingereza, kumkalisha mbele ya kompyuta na kumwacha aendelee. Kwa upande wa Kiswahili historia yake ni fupi, lakini vituko vyake si haba.

Tuanzie mwaka 2004. Mlimani pale, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wa sayansi ya kompyuta wakishirikiana na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini iliyozungumza Kiswahili. Kazi ngumu ilikuwa kukubaliana istilahi. Bila orodha moja ya maneno, mfasiri wa kwanza ataandika kompyuta, wa pili tarakilishi, wa tatu ngamizi, na msomaji atadhani ni mashine tatu tofauti. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ililijua hilo mapema. Ila wao walikuwa na serikali ya mkoloni nyuma yao. Intaneti haina kamati.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, iliendeshwa na watu wachache wa kujitolea, mwanablogu Ndesanjo Macha akiwa miongoni mwa waliosukuma gurudumu la mwanzo. Hakuna bosi, hakuna mshahara. Anayekosea anasahihishwa na mwenzake, tena wakati mwingine kwa ubishi wa siku nzima.

Kisha wakaja Google. Agosti 2009 waliiongeza lugha yetu katika mashine yao ya kutafsiri, na Novemba mwaka huohuo wakatangaza mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania: andikeni makala katika Wikipedia ya Kiswahili, mjishindie laptopu, simu na vinginevyo. Walipewa na kifaa cha kurahisisha kazi. Mashine inaleta rasimu kutoka Kiingereza, mtu anairekebisha, na kila sentensi iliyorekebishwa inahifadhiwa ili itumike tena. Hapo mnaona nani alikuwa anafaidika zaidi. Mwanafunzi alipata simu, kampuni ikapata jozi za sentensi za Kiingereza na Kiswahili, mali ambayo kwa lugha kama yetu ni adimu kuliko dhahabu ya Geita.

Makala ziliongezeka haraka. Lakini mashindano yalipokwisha mwaka 2010, wengi wa washiriki hawakuonekana tena. Mimi siwalaumu hata kidogo! Walioitwa kwa zawadi huondoka na zawadi. Waliobaki na kazi ya kufagia ni walewale wachache wa kujitolea, ambao hawakuahidiwa hata modemu.

Wahindi walipambana kwa namna nyingine. Kwa Kitamil, Google ilitumia wafasiri wa kulipwa, na makala zikaja na makosa ya tahajia, viungo visivyokwenda popote, na mada za mastaa wa Marekani ambazo hakuna aliyeziomba. Wanawikipedia wa Kitamil waliwaita mezani, wakataka orodha ya makala ijadiliwe kwanza. Wakazieleza shida hizo waziwazi katika mkutano wa Wikimania wa 2010 kule Gdańsk, Polandi. Wa Kibengali hawakuwa na subira hiyo, walizikataa tafsiri hizo.

Facebook nao walipita njia yao mwaka 2008: watumiaji wenyewe wanatafsiri, kisha wanapiga kura tafsiri ipi ni bora. Kura ni nzuri kwa kitufe chenye neno moja au mawili. Kwa makala ndefu kuhusu malaria sidhani. Hapo anatakiwa mhariri mmoja mwenye rungu, anayeweza kusema hili limekataliwa, rudia. Kiswahili kilipoingia Facebook Juni 2009, nyuma yake lilikuwepo kundi la wasomi wa Kiswahili.

Kile kifaa cha Google kilifungwa Desemba 2019. Wikipedia wenyewe walikwishatengeneza chao tangu 2015.