Bunduki ya Wenzo: Mrija wa Chini, Tundu la Juu

Kwa miaka mingi, shule nyingi za vijijini katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, zilikuwa zikifungwa Jumatatu ya kwanza baada ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Haikuwa kwa ajili ya dini wala uchaguzi. Siku hiyo msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ulifunguliwa, na kila mtu alijua kwamba hata kengele ikipigwa madarasa yangebaki matupu. Mwaka 2019 mamlaka ya wanyamapori ya jimbo hilo iliuhamishia ufunguzi Jumamosi, na wapo wazee ambao hawakufurahi hata kidogo.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, silaha iliyoongoza katika misitu ile ilikuwa nyembamba na nyepesi, na chini ya triga ilikuwa na kitanzi cha chuma. Mwindaji husukuma kitanzi hicho mbele kisha hukirudisha. Kwa mwendo huo mmoja ganda tupu linaruka nje, nyundo inavutwa nyuma na risasi mpya inaingia chemba. Hiyo ndiyo bunduki ya wenzo, na aliyewahi kutazama sinema za cowboy anaijua kwa sura. Sinema hazikueleza jambo moja: umbo la bunduki hii liliwaamulia wawindaji, kwa zaidi ya miaka mia, risasi gani watie na walenge kwa kitu gani. Yote yalitokana na sehemu mbili tu, mrija wa kuhifadhia risasi ulio chini ya mtutu, na tundu la kutolea maganda lililo juu.

Mrija ndio ulioanza. Mwaka 1860 Benjamin Tyler Henry, fundi aliyefanya kazi kwa mfanyabiashara Oliver Winchester mjini New Haven, Connecticut, alipata hataza ya bunduki iliyobeba risasi 16 ndani ya mrija. Miaka sita baadaye kampuni ya Winchester ilitoa toleo lenye kidirisha cha pembeni cha kujazia risasi, kilichobuniwa na Nelson King. Toleo la 1873 likaenea kila kona ya Magharibi ya Marekani. Wakati huo suala la aina ya risasi halikumsumbua mtu. Baruti ilikuwa nyeusi, vichwa vya risasi vilikuwa vya madini ya risasi tupu na butu, na mwendo wake haukuzidi sana mita 400 kwa sekunde. Aliyefyatua mara moja alibaki akingoja moshi wake mwenyewe utawanyike ndipo ajue kama amepata au amekosa.

Mageuzi yalitoka kwa John Moses Browning, fundi wa Ogden, Utah, ambaye michoro yake Winchester iliinunua mmoja baada ya mwingine. Hataza ya bunduki yake ya wenzo maarufu kuliko zote ilitolewa Agosti 1894, na hadi kiwanda cha New Haven kilipofungwa mwaka 2006 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni saba. Bunduki ya milioni moja alikabidhiwa Rais Calvin Coolidge mwaka 1927. Mwanzoni toleo hili nalo lilitumia baruti nyeusi. Mwaka 1895 ikaja risasi iliyolipa jina: .30-30. Thelathini ya kwanza ni kipenyo cha mtutu kwa sehemu za mia za inchi, yaani milimita 7.62. Ya pili ni uzito wa baruti kwa kipimo cha greni, chini kidogo ya gramu mbili. Baruti yenyewe ilikuwa mpya, isiyotoa moshi, na msukumo wake ulihitaji mtutu wa chuma kilichochanganywa na nikeli. Risasi sasa ilitoka kwa karibu mita 600 kwa sekunde, kasi ambayo wawindaji wa zamani walikuwa hawajaizoea.

Hapo ndipo mrija ulipoanza kudai haki yake. Risasi zikiwa ndani yake hulala kwenye mstari mmoja, na kichwa cha kila moja hugusa kitako cha iliyo mbele yake. Katikati ya kitako hicho ndipo ilipo fataki, kile kikombe kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa na pini. Ukiweka risasi yenye ncha kali, ncha hiyo inakuwa pini ya pili. Bunduki inapopiga teke baada ya kufyatuliwa, risasi zote mrijani hurushwa kwa mshtuko, na ncha inaweza kuipiga fataki iliyo mbele yake. Mlipuko wa namna hiyo hutokea chini ya mtutu, pale pale mkono wa kushoto wa mwindaji unaposhikilia.

Majeshi ya dunia hayakuwa na kikwazo hicho. Ujerumani ilichukua risasi ya ncha kali mwaka 1905 na Marekani ikafuata mwaka 1906, kwa kuwa ncha hukata upepo na kuifikisha risasi mbali bila kushuka sana. Bunduki ya mrija ikabaki na kichwa bapa. Kwa mwindaji wa Maine au Wisconsin hilo halikuwa pigo kubwa. Katika msitu mnene kulungu wa mkia mweupe huonekana umbali wa mita 50, pengine 80, na huonekana kwa nukta chache tu kabla ya kuzama tena vichakani. Kwa umbali huo kichwa bapa hufanya kazi yake vizuri. Udhaifu wake hujitokeza mbele zaidi: bunduki iliyowekwa sawa kwa yadi 100, kama mita 91, risasi yake itakuwa imeshuka takriban sentimita 20 ifikapo yadi 200.

Wawili walitafuta njia ya kuuepuka mrija. Browning alifanya hivyo katika toleo la 1895, lililokuwa na sanduku la risasi mbele ya triga, risasi zikipangwa moja juu ya nyingine. Toleo hilo ndilo lililofika Afrika Mashariki kwa kishindo. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, akapanda reli ya Uganda hadi Kapiti na kuanza msafara wa kukusanya vielelezo kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian. Miongoni mwa silaha zake ilikuwamo Winchester ya 1895 ya risasi .405, yenye kichwa butu cha gramu 19, na ndiyo aliyoitegemea kwa simba. Kwa tembo alishika zaidi bunduki nzito ya Kiingereza yenye mitutu miwili. Kwa hesabu yake mwenyewe, baba na mwana waliua wanyama 512. Idadi hiyo inamshtua msomaji wa leo, na ina haki ya kumshtua.

Wa pili ni Arthur Savage, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyefungua kiwanda Utica, New York. Bunduki yake ya 1899 ilizungusha risasi kwenye gurudumu dogo la shaba lililofichwa ndani ya mwili wa silaha, kila risasi ikikaa peke yake katika kitalu chake. Ncha kali haikuwa hatari tena. Mwaka 1915 Savage ilitoa risasi ya .250-3000, iliyobuniwa na Charles Newton, na jina lake lilikuwa tangazo: kasi ya futi 3,000 kwa sekunde, yaani mita 914. Kwa ufundi, huenda hii ndiyo bunduki bora ya wenzo iliyopata kutengenezwa. Ilikuwa na vipande vingi vya kuchonga kwa uangalifu, gharama ikapanda, na mwishoni mwa karne ya 20 uzalishaji ukasimama.

Turudi kwenye tundu la juu, maana ndilo lililoamua suala la kulenga.

Winchester ya 1894 hutema ganda tupu moja kwa moja kuelekea mbinguni. Vilengeo vyake vya kiwandani vilikuwa vya kawaida: shanga ndogo kwenye ncha ya mtutu, na katikati ya mtutu kibati chenye mfuo, kingo zake zimepinda mfano wa pembe, kikiinuliwa na kushushwa kwa kingazi kidogo cha chuma. Tatizo lake ni la jicho, si la chuma. Jicho la binadamu haliwezi kuona kwa ukali vitu vitatu vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja, na hapa linatakiwa kuona mfuo, shanga na mnyama. Kijana hujitahidi. Mtu wa miaka 50 huona mfuo umekuwa ukungu.

Dawa ilikuwapo tangu 1879, mwaka ambao William Lyman wa Middlefield, Connecticut, alipata hataza ya kilengeo cha tundu, kijiti chenye kipete kilichosimama nyuma ya nyundo, karibu kabisa na jicho. Wengi walidhani mpigaji atapoteza muda akiitafuta katikati ya tundu. Lyman alielewa kinyume chake: tundu likiwa pana na ukingo wake mwembamba, jicho lenyewe huipeleka shanga katikati bila kuamrishwa. Kazi ya mwindaji ni kuchungulia tu, kama anayechungulia tundu la kitasa, na kuiweka shanga juu ya bega la kulungu. Vitu vitatu vimekuwa viwili. Isitoshe, umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele umeongezeka, kwa hiyo kosa dogo la mkono halizai kosa kubwa kwenye shabaha. Kwa bunduki hii na misitu ile, tundu la Lyman na warithi wake lilikuwa chaguo la busara kuliko yote, na bado ni hivyo.

Soko halikuona hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili darubini zilishuka bei na kuimarika. Leupold ya Oregon ilianza mwaka 1947 kuuza darubini iliyojazwa naitrojeni ili isipate ukungu ndani. Kila mwindaji akaitaka, na mwenye Winchester akakwama: akiifunga darubini juu ya bunduki, maganda yataigonga na kurudi ndani. Wengine waliifunga ubavuni, wakalenga huku shavu likiwa halijatulia kwenye kitako.

Aliyecheka ni Marlin. Tangu 1889 kiwanda hicho, jirani wa Winchester mjini New Haven, kilikuwa kikitengeneza bunduki za wenzo zenye paa zima la chuma, maganda yakitokea ubavuni. Nia ya wakati huo ilikuwa kulizuia ganda lisimrukie mtu usoni na kuzuia theluji na majani. Nusu karne baadaye paa hilo likageuka kuwa kitanda tayari cha darubini, na toleo la Marlin 336, lililotoka mwaka 1948, likauzwa kwa mamilioni. Winchester ilijibu mwanzoni mwa miaka ya 1980 tu, ilipoinamisha njia ya ganda upande wa kulia. Hata hivyo darubini ilikuja na kero yake: hukaa juu ya nyundo na kidole gumba hakifiki vizuri, hivyo watu hufunga kipande cha chuma pembeni mwa nyundo ili kuivuta.

Mrija nao ulipata jibu katikati ya miaka ya 2000, pale kampuni ya Hornady ya Grand Island, Nebraska, ilipotoa risasi yenye ncha ya plastiki laini. Ncha hiyo hubonyea mrijani bila kugonga fataki, na hurudi katika umbo lake. Yenye uzito wa gramu 10.4 hutoka kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, na kuifanya .30-30 ya kale ifike mbali kidogo kuliko ilivyozoea. Wenye kuwinda vichakani bado hubishana juu ya zile mbili za jadi, gramu 9.7 au gramu 11. Ubishi huo ni wa kahawani zaidi kuliko wa msituni, kwa kuwa kila mtutu una risasi unayoipenda, na hilo hujulikana kwa kupiga karatasi kabla ya msimu.

Sheria sasa inaamua pia aina ya risasi. California ilikataza risasi za madini ya risasi katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019, baada ya tai wakubwa wa kondori kufa kwa sumu ya madini hayo yaliyobaki katika mizoga, kwa hiyo kuna .30-30 za shaba tupu, bapa kama za zamani.

Winchester ya 1894 siku hizi hutengenezwa na Miroku nchini Japani. Inatoka kiwandani na kilengeo cha mfuo juu ya mtutu, na matundu ya skrubu ya kufungia darubini yakiwa yametobolewa tayari.