Njia ya Theluji (3): Mshahara wa Mwezi Mzima

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Mei 14, 1942. Katika Ziwa Charlie, kaskazini mwa British Columbia nchini Kanada, chombo cha kuungaunga kilichobeba askari 17 wa Marekani kimejaa maji. Upepo umegeuka ghafla na mawimbi yameinuka. Ufukweni, mtegaji wa wanyama aitwaye Gustaf Hedin anaona vichwa vinaelea. Anakimbilia mashua yake ndogo ya makasia…

SASA ENDELEA…

Hedin alipiga makasia mpaka mabega yakawaka moto. Akafika, akavuta aliyeweza kumvuta, akageuza. Akaenda tena. Akarudi. Akaenda mara ya tatu. Mwezi wa Mei huko barafu ndiyo kwanza imeyeyuka, na mtu aliyevaa buti na koti la kijeshi hana muda wa kusubiri foleni. Mashua ilipogusa nchi kavu kwa mara ya mwisho, walio hai walikuwa watano. Wenzao 12 walibaki ziwani.

Kazi ya kukata barabara haikusimama. Isingeweza kusimama. Miezi mitano kabla, Desemba 7, 1941, Japani ilikuwa imeipiga Pearl Harbor, na wiki chache baada ya msiba wa Ziwa Charlie ndege zake zingeishambulia Dutch Harbor, kisha askari wake wangetua Attu na Kiska, visiwa vya Alaska yenyewe. Na Alaska haikuwa na barabara ya kuiunganisha na Marekani iliyobaki. Reli iliishia Dawson Creek. Kutoka hapo hadi Delta Junction ni zaidi ya kilomita 2,200 za misonobari, milima, mito na kinamasi. Jeshi lilitaka lori lipite huko kabla mwaka haujaisha.

Wiki iliyopita nilikuahidi habari za watu ambao picha nyingi za barabara hii ziliwaacha pembeni. Haya, sasa tukae nao.

Zaidi ya askari 10,000 walipelekwa kwenye kazi ile. Karibu theluthi moja walikuwa Wamarekani weusi, katika vikosi vitatu vya uhandisi: cha 93, cha 95 na cha 97. Jeshi la Marekani wakati huo lilitenga watu kwa rangi, kuanzia hema hadi meza ya chakula. Jenerali Simon Bolivar Buckner Mdogo, aliyekuwa mkuu wa ulinzi wa Alaska, hakuwataka kabisa. Aliandika barua kulalamika: alihofu kwamba vita vikiisha wangebaki huko na kuchanganya damu na wenyeji. Wakubwa wake walikuwa na shida ya watu, hawakuwa na muda wa hofu zake. Askari weusi wakaletwa, ila kwa sharti kwamba wakae porini, mbali na miji. Wengi wao walitoka majimbo ya kusini, kwenye joto na mashamba ya pamba. Sisi tunaojifunika blanketi mbili Julai ikifika tusiwacheke.

Kikosi cha 95 ndicho kilichopewa dharau ya wazi zaidi. Kilipofika Dawson Creek, matingatinga yake yalichukuliwa yakapewa kikosi cha weupe cha 341, kile kile kilichokuwa kimepoteza watu wake Ziwa Charlie. Sababu? Wakubwa hawakuamini kwamba mtu mweusi anaweza kuendesha mashine. Kikosi cha 341 kikatangulia kukata njia. Cha 95 kikafuata nyuma na koleo, sululu, mashoka na toroli, kikichimba mitaro na kusawazisha walichoacha wenzao.

Na kulikuwa na mengi ya kusawazisha. Ardhi ya kaskazini ina hila. Juu ni kuvumwani laini kama godoro, chini yake ni udongo ulioganda tangu enzi. Wahandisi wa mwanzo walikwangua ile kuvumwani wakidhani wanasafisha njia. Jua likaingia, barafu ya chini ikayeyuka, na asubuhi iliyofuata barabara ilikuwa uji. Tingatinga zima lilizama likabaki kichwa. Ilibidi wajifunze upya: kuvumwani iachwe mahali pake, juu yake yatandikwe magogo kwa kukingama, bega kwa bega, halafu kokoto. Magogo hayo hayakujitandika. Wingu la mbu lilikuwa juu yao mchana kutwa, mbu ambao hata mtu wa Rufiji angewaogopa.

Kanali Heath Twichell alipokabidhiwa kikosi cha 95 alikuta watu waliovunjika moyo. Nani asingevunjika? Umefundishwa uhandisi, umevuka bara zima, kisha unapewa toroli. Twichell hakuwahutubia sana. Aliwatafutia kazi yao wenyewe, kazi ambayo hakuna kikosi kilichoitangulia.

Kazi hiyo ilikuwa mto.

Sikanni Chief unashuka kutoka Milima ya Rocky, kama kilomita 260 kutoka Dawson Creek, ndani ya bonde lenye kuta kali. Upana wa kuvukwa ulikuwa kama mita 90. Mkondo ni wa mbio, na maji hata kiangazi yanauma mfupa. Daraja la mto wa namna ile, wenye uzoefu walilihesabia wiki.

Askari wa kampuni A wakautazama mto. Kisha wakatoa dau: wangelimaliza kwa siku chache ambazo hakuna mkubwa angezikubali. Na walichokiweka mezani ni mshahara wao.

Hapo simama kidogo, msomaji. Juni ya 1942 mshahara wa askari wa chini kabisa ulikuwa ndiyo kwanza umepandishwa hadi dola 50 kwa mwezi. Nyuma ya kila dola 50 kulikuwa na mama au mke anayesubiri hawala mahali fulani kusini. Mtu haweki fedha hiyo kwenye dau kwa mzaha. Anaiweka kwa sababu amechoka kuambiwa hawezi.

Wakaanza.

Kundi moja liliingia msituni na mashoka na misumeno. Misonobari ilianguka, ikapogolewa matawi, ikaburutwa hadi ukingoni ikiwa bado inatoa utomvu. Daraja lilijengwa kwa miti ya pale pale. Kundi la pili liliunganisha nguzo na mihimili kuwa fremu, kila fremu kwa kimo cha mahali itakaposimama, maana kitanda cha mto hakina usawa.

Kundi la tatu liliingia majini.

Hawa ndio ninaowafikiria kila nikitazama ramani ya barabara hii. Maji yaliwafika kifuani. Kila fremu ilipaswa kusimamishwa wima huku mto ukiisukuma, na wa kuishika ni wao. Mtu wa namna hiyo hawezi kuachia mikono ajikune mbu wala kujipangusa uso. Anasimama, mawe ya chini yanamtelezea, miguu inakufa ganzi, na anasubiri wenzake walio juu wagongomee mhimili wa kuifunga fremu yake kwenye fremu iliyotangulia. Akihisi imeshika, anaachia. Kisha anakwenda kwenye fremu inayofuata, ambako kina kimeongezeka. Waliimba. Wimbo wa kazi una hesabu ndani yake, na watu 20 wanaovuta gogo moja wanahitaji kuvuta kwa pumzi moja.

Giza lilipoingia waliyapanga malori ukingoni, vioo vikielekea mtoni, wakawasha taa. Kazi ikaendelea. Waliotoka majini walijikausha penye moto, wakala walichokuta, wakalala walipoangukia, wakaamshwa zamu yao ilipofika. Fremu zikazidi kusogea kuelekea ng'ambo. Boriti zikalazwa juu yake, na juu ya boriti sakafu.

Kuna wanaohesabu kwamba walitumia saa 72, wengine husema 84. Kwa hesabu yoyote, siku nne hazikutimia. Lori la kwanza likapanda juu ya daraja, sakafu ikalia kidogo kama kitanda kipya cha kamba, likavuka.

Dau wakalishinda.

Miezi ya mbele nitaipita haraka, kwa kuwa ni kilomita baada ya kilomita za jasho lile lile. Kikosi cha 97 kilianzia upande wa Alaska kikashuka kusini. Kikosi cha 18, cha weupe, kilipanda kutoka Whitehorse. Oktoba 25, 1942, karibu na Beaver Creek, matingatinga mawili yalikutana msituni. Kwenye moja alikuwa Koplo Refines Sims Mdogo, mweusi kutoka Philadelphia. Kwenye jingine Alfred Jalufka, mweupe kutoka Texas. Kumbuka waliosema mtu mweusi hawezi kuendesha mashine, kisha itafute ile picha: vijana wawili juu ya vyuma vyao, wanashikana mikono, wanacheka. Novemba 20 utepe ukakatwa kando ya Ziwa Kluane, baridi ikiwa kali. Wale weusi walisubiri hadi 1993 ndipo daraja moja la Alaska, la Mto Gerstle, likapewa jina la kuwakumbuka.

(Wenyeji wa asili waliowaongoza wageni kwenye vijia vyao, nao walilipwa vibaya. Barabara ilileta surua na maradhi mengine hadi vijiji kama Teslin. Hilo lina simulizi yake, na sitalibana hapa kwenye mabano.)

Lakini barabara iliyokatwa kwa miezi minane ina deni, na mito ndiyo iliyokuja kudai. Majira ya kuchipua barafu ya mtoni hupasuka na kusafiri. Vipande vikubwa kama nyumba hugonga nguzo za mbao, hugonga tena, na daraja huondoka nazo. Madaraja mengi ya mwaka wa kwanza yaliondoka hivyo. Mwaka 1943 kazi ikahamia kwa makandarasi wa kiraia, na mbao zikaanza kupisha chuma. Kwa urefu wote wa barabara yalihesabiwa madaraja 133.

La fahari kuliko yote lilikuwa la Mto Peace, karibu na kijiji cha Taylor, si mbali na mwanzo wa barabara. Hapo mto ni mpana, na miezi ya mwanzo watu walivuka kwa kivuko. Kazi ikapewa kampuni ya Roebling, jina lile lile linalokwenda na Daraja la Brooklyn la New York. Kabla ya 1943 kuisha likasimama daraja la kuning'inia lenye urefu wa kama mita 650, minara miwili mirefu na kamba nene za chuma. Wasafiri walisimamisha magari kulipiga picha. Aliyevuka pale alijua ameianza safari ya kaskazini.

Daraja la kuning'inia, ukitaka kulielewa, tazama kamba ya kuanikia nguo uani. Kamba inaweza kuwa mpya na imara. Lakini imefungwa kwenye miti miwili, na mti mmoja ukiinama, shuka zako zitagusa vumbi. Miti ya daraja la Peace ilikuwa mabonge mawili makubwa ya zege, moja kila ukingo, ambamo ncha za kamba zilifungwa. Bonge la kaskazini lilikaa juu ya mwamba laini wa matabaka, wa aina inayolegea ikinywa maji.

Miaka 14 likashika. Vita vikaisha, Kanada ikakabidhiwa sehemu yake ya barabara Aprili 1, 1946, familia zikaanza kusafiri kwenda Alaska kutalii. Kila lori la mafuta, kila basi, kila mzigo wa kaskazini uliotoka Dawson Creek ulipita juu ya kamba zile.

Kisha ikafika Oktoba 16, 1957.

Asubuhi ile, upande wa kaskazini, bonge la zege halikuwa pale lilipowekwa. Lilikuwa limeteleza. Waliofika kutazama waliona daraja limeanza kupoteza umbo lake. Barabara ikafungwa. Habari ikakimbia Taylor, ikafika Fort St. John, na watu wakaanza kumiminika kingoni, wengine na kamera shingoni, watoto wameshikwa mikono.

Hakukuwa na cha kufanya. Huwezi kulisukuma bonge la zege lirudi. Huwezi kuikaza kamba inayobeba chuma chote kile. Wahandisi, madereva, wakulima na mama wa nyumbani walisimama mstari mmoja, wakatazama daraja tupu, refu, lisilo na gari hata moja juu yake.

Saa zikapita. Mchana ukafika.

Kisha kamba za upande wa kaskazini zikalegea…

ITAENDELEA WIKI IJAYO